Mji Huru na Njia ya Kisimani

Mtu akipewa karatasi tupu akaambiwa achore mji, aghalabu huanza na nyumba. Mwenye kufikiri zaidi huanza na soko au msikiti. Ni wachache wanaoanza na njia ya kwenda kisimani, ingawa njia hiyo huchorwa na nyayo za watu kabla kalamu ya mchoraji haijafika. Suali linalozungumzwa hapa linatokana na njia hiyo: katika mji wa watu huru, njia ni ya nani? Kwa mtazamo wa kwanza ni suali dogo, pengine hata la mzaha. Lakini wengi waliotaka kuasisi nchi mpya isiyomlazimisha mtu jambo lolote wamejikwaa hapo, na pwani ya Mrima, kutoka Saadani hadi Mbegani, imejikwaa hapo zaidi ya mara moja.

Mbegani ni ghuba iliyo kusini kidogo mwa mji wa Bagamoyo. Ina mikoko, ina chuo cha uvuvi kilichostawishwa kwa msaada wa Wanorwei, na jirani yake vipo vijiji vya Pande na Mlingotini, ambako wavuvi hutia nanga ngalawa zao na wanawake hulima mwani katika maji ya kina kifupi. Ukirudi upande wa Bagamoyo unaikuta Kaole na magofu yake: msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, makaburi yaliyosimamishiwa nguzo, na kisima ambacho wenyeji husema hakikauki. Mji wa Kaole ulikufa zamani, na gati yake ikamezwa na mchanga na mikoko. Kisima kimebaki, na mgeni wa leo bado huoneshwa njia ya kukifikia.

Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipozuru Dar es Salaam, miongoni mwa hati zilizotiwa saini ilikuwamo ya kujenga bandari mpya Bagamoyo, na mahali palipochaguliwa ni Mbegani. Kampuni ya China Merchants ndiyo ingejenga. Baadaye ukaingia Mfuko wa Akiba wa Dola ya Oman. Palitajwa gharama ya dola bilioni 10 na bandari ambayo hatimaye ingepokea makasha milioni 20 kwa mwaka. Nyuma ya bandari lingekuwapo eneo maalumu la kiuchumi la hekta zipatazo 9,800, lenye viwanda, makaazi, reli na barabara zake, na utaratibu wake wa kodi na forodha. Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi. Juni 2019 Rais John Magufuli aliyataja hadharani masharti ambayo alisema ni mwendawazimu tu angeyakubali: dhamana ya miaka 33, ardhi kukodishwa kwa miaka 99, na serikali kuzuiwa kujenga bandari nyengine katika pwani yake. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba mazungumzo yamefufuliwa. Miaka kumi baada ya utiaji saini ule, bandari ilikuwa bado haijajengwa.

Mengi yamesemwa kuhusu mkataba huo, karibu yote ni ya hesabu: nani angefaidika, nani angepunjika. Hesabu hizo ni muhimu na zina wenyewe. Lakini chini yake lipo jambo ambalo halikuzungumzwa sana. Eneo lenye forodha yake, kodi yake, barabara zake na muda wake wa karne moja kasoro mwaka mmoja linakaribia kuwa nchi ndogo ndani ya nchi. Na fikra ya nchi ndogo kama hiyo, ambayo sheria yake ni mkataba na raia wake ni mteja, haikuzaliwa katika ofisi za wapimaji ardhi. Ni fikra ya kifalsafa, na inastahiki kujibiwa kama falsafa.

Wanaoishikilia fikra hiyo kwa ukamilifu husema hivi. Kila serikali tunayoijua ilimkuta mtu amekwishazaliwa, ikamtoza kodi bila ya kumuuliza. Kodi hiyo hujenga barabara ambayo huenda asipite, na hulipa mshahara wa karani ambaye humzungusha wiki tatu kwa ajili ya muhuri mmoja. Basi na ijengwe nchi mpya ambamo hakuna alazimishwaye. Anayetaka barabara aijenge au ailipie anapopita. Anayetaka maji anunue kwa mwenye kisima. Visima vikiwa vingi, bei itashuka yenyewe. Mipango miji isiwe amri ya afisa bali iwe makubaliano ya majirani. Na asiyeridhika ahame, kwa kuwa mlango wa kutokea uko wazi.

Hoja hii haifai kuchekwa. Aliyewahi kungojea hati ya kiwanja mpaka mtoto aliyetajwa ndani yake akaoa anaifahamu vyema nguvu yake. Na wako waliojaribu kuitekeleza. Mwaka 1972 Michael Oliver, mfanyabiashara kutoka Marekani, na wenzake walimwaga mchanga juu ya miamba ya Minerva katika bahari ya Pasifiki, miamba ambayo maji yakijaa hufunikwa, wakatangaza jamhuri. Mwaka haukwisha mfalme wa Tonga akaja na watu wake akaitwaa. Tarehe 13 Aprili 2015, Vít Jedlička kutoka Cheki alitangaza dola ya Liberland katika kipande cha msitu cha kilomita saba za mraba kando ya mto Danube, baina ya Kroatia na Serbia, ambacho kila upande ulisema si chake. Kodi huko ingekuwa ya khiyari. Ramani za mji zilichorwa, tena na wasanifu wenye majina makubwa. Mwaka 2022 mji huo ukajengwa ndani ya kompyuta, na mtu aweza kuutembelea akiwa amekaa nyumbani kwake. Msitu wenyewe, ambao mto hufurika ndani yake, polisi wa Kroatia waliwazuia watu kuuingia, na Septemba 2023 waliyavunja makambi yaliyokuwa yamepigwa.

Ukitazama vyema, ramani zote hizo zimekosa kitu kimoja: mtu aliyekuwapo kabla. Mwamba wa Minerva ulipendwa kwa sababu hauna mtu. Msitu wa Liberland ulipendwa kwa sababu hauna mwenyewe. Nchi ya uhuru kamili inahitaji ardhi tupu ili ianze bila ya dhambi, kwani ikianza kwa kumwondosha mtu itakuwa imefanya jambo lilelile ililoilaumu serikali. Na ardhi tupu katika dunia hii imebaki kwenye miamba inayozama na misitu inayofurika. Pwani ya Mbegani si tupu, wala haikuwa tupu miaka mia nane iliyopita.

Lugha yenyewe ya pwani ina neno la kuchangia hapa. Milki na mamlaka ni ndugu wa shina moja la Kiarabu, pamoja na malkia na kutamalaki. Asili ya neno si hoja, na mwenye kutaka kushinda mjadala kwa kamusi anastahiki kuchekwa; lakini undugu huu unamkumbusha msemaji jambo ambalo falsafa ya mji huru hulisahau. Falsafa hiyo hutaka kuiondoa mamlaka na kuibakisha milki, kana kwamba ya kwanza ni mwiba na ya pili ni waridi. Lakini anayeimiliki njia peke yake anawaamuru wote wapitao. Anayekimiliki kisima peke yake ana amri kubwa kuliko jumbe, kwa sababu jumbe huweza kuasiwa, ilhali kiu haiasiki. Milki ikizunguka pande zote hugeuka kuwa mamlaka, bila ya bendera na bila ya mtu wa kulalamikiwa.

Watu wa Mrima walijifunza jambo hilo si kwa kamusi. Mwaka 1884 Karl Peters alivuka kutoka Unguja hadi Saadani, akenda bara, na katika wiki chache akakusanya karatasi zenye alama za machifu wa Usagara, Nguru, Useguha na Ukami. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amerejea pwani, Bagamoyo. Februari 1885 Kaisari akaipa kampuni ya Peters waraka wa ulinzi. Tuitazame hali hiyo kama wanavyoitazama wanafalsafa wa mji huru: hapakuwa na dola, palikuwa na kampuni, hapakuwa na ushindi wa vita, palikuwa na mikataba, kila ardhi ilikuwa na karatasi yake. Aprili 1888 Sayyid Khalifa bin Said akaikodisha kampuni hiyo utawala wa Mrima na forodha zake kwa miaka 50. Agosti ya mwaka huohuo mawakala wa kampuni wakaingia Pangani, Bagamoyo na miji mengine, wakaanza ugomvi wa bendera na ushuru, wakataka wenye mashamba waandikishe milki zao.

Yaliyofuata yanajulikana. Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani wakainuka, na pwani ikawaka. Kampuni, ambayo ilijisifu kwamba yaweza kutawala kwa faida ya biashara, ikaomba msaada kwa dola. Mei 1889 Hermann von Wissmann akaleta majeshi ya kukodi, Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa Pangani, na mwanzoni mwa 1891 dola ya Kijerumani ikaichukua nchi moja kwa moja. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah Al-Buhriy kuhusu vita hivyo unajulikana kwa jina lenye neno kutamalaki, na hapana neno jengine ambalo lingekaa mahali pake. Kampuni ilikuja na milki. Watu waliiona mamlaka ndani yake mara tu walipotakiwa kuthibitisha kwa karatasi mashamba ya babu zao.

Pengine atasema mtu kwamba Peters alikuwa tapeli, na utapeli si falsafa. Ni kweli, na insafu inataka utazamwe mfano wa watu wenye nia njema. Pwani hii inao. Theodor Hertzka, mwanauchumi na mwandishi wa magazeti wa Vienna, alichapisha mwaka 1890 kitabu alichokiita Freiland, yaani Nchi Huru. Ndani yake aliisimulia nchi mpya katika miteremko ya Mlima Kenya, ambayo ardhi yake haimilikiwi na yeyote, na kila mtu huwa huru kujiunga na ushirika wowote wa kazi na kutoka atakapo. Hertzka hakuwa mtumishi wa milki; alikuwa adui yake. Alikwishaupanga mji wake kwa ukamilifu, na bonde lake akaliita Edenthal, Bonde la Peponi. Kitabu kilipendwa, vyama vikaundwa Ulaya, na mwaka 1894 kikundi cha wazungu wa mataifa mbalimbali, kikiongozwa na Dkt. Wilhelm, kikateremka Lamu kwa nia ya kupanda mto Tana hadi kwenye mlima.

Hawakufika. Walikaa Lamu wakingoja chombo cha mtoni, wakingoja wapagazi, wakingoja ruhusa ya Waingereza, na kungoja kukaleta ugomvi. Kufikia katikati ya mwaka msafara ulikuwa umevunjika, kila mmoja akashika njia yake. Waandishi wa historia hupenda kulicheka tukio hili. Kinachostahiki kutazamwa ni mahali ulipokwama mpango uliokamilika hivyo: baina ya gati na mlima. Mji wa kitabuni ulikuwa na karakana na shamba na bustani, lakini njia ya kuufikia ilipita katika nchi za watu ambao kitabu hakikuwauliza: Waamu, Wapokomo, Wagala, Wamasai. Kwa Hertzka ardhi ilikuwa si ya mtu; kwa Peters ilikuwa ya mwenye karatasi. Mmoja alikuwa mwema na mwengine mwovu, na wote wawili waliitazama ramani ileile isiyokuwa na watu.

Hapa msomaji wa pwani ana haki ya kuuliza: basi miji yetu wenyewe ilijengwaje? Bagamoyo ya karne ya 19 haikuwa na idara ya mipango miji. Ilikuwa na majumbe, na liwali wa Sayyid, na wafanyabiashara wa Kihindi waliokopesha misafara. Hata hivyo palikuwa na visima, misikiti, madrasa na njia za kwenda bandarini, na sehemu kubwa ya hayo ilitoka mifukoni mwa watu binafsi bila ya kulazimishwa na mtu. Kwa juujuu, hiyo ndiyo ndoto ya mji huru iliyokwishatimia. Tofauti iko ndani, nayo ni tofauti kubwa.

Aliyechimba kisima akakitia wakfu hakukimiliki tena. Neno lenyewe maana yake ni kusimamisha: mali imesimamishwa, haiuzwi, hairithiwi, haipewi mtu zawadi. Mwenye wakfu akirudi kesho akiwa na kiu hupanga foleni pamoja na wengine. Ni mtu binafsi aliyetoa, ni kweli. Ni khiyari yake, ni kweli. Lakini alichokifanya kwa khiyari hiyo ni kuikata milki yake mahali fulani ili wengine wapate kupita. Watetezi wa mji huru wanapotaja ukarimu wa watu binafsi kama badala ya serikali, huwa wameihesabu fedha yake na kuuacha huo ukataji. Mji wa pwani haukusimama juu ya milki za watu; ulisimama katika nafasi zilizopatikana pale milki zilipokomeshwa na wenyewe.

Mfano wa karibu na Mbegani ni Sewa Haji, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo aliyejitajirisha kwa kutayarisha misafara ya bara, akiwapatia wasafiri bidhaa na wapagazi. Alitoa jengo la skuli mjini Bagamoyo kwa sharti kwamba lipokee watoto wa kila kabila, na alitoa fedha za hospitali Dar es Salaam. Alifariki Unguja mwaka 1897. Wagonjwa wa Muhimbili hulazwa hadi leo katika wodi ya Sewahaji, na wengi wao hawajui kwamba hilo ni jina la mtu, na hakuna anayewauliza kama wanajua.

Lakini si halali kuyasifu ya kale kwa upande mmoja. Mali iliyotiwa wakfu ilitoka wapi? Utajiri wa Bagamoyo ulibebwa mabegani mwa wapagazi, na sehemu yake ulitokana na watu waliouzwa. Neno ungwana, ambalo lugha yetu hulitumia kwa uhuru na kwa adabu pamoja, lilikuwa na kivuli chake: palipokuwa na muungwana palikuwa na mtumwa. Muungwana alijua kwamba uhuru wake huonekana kwa majirani, kwa salamu yake na kwa kumpisha mwenzake njiani, na hilo ni somo ambalo wanafalsafa wa Vienna na wa Danube wangefaa kulisikia. Lakini aliyechota maji ya kisima kile kwa niaba ya muungwana huenda hakuwa huru hata wa jina lake. Aidha, wakfu uliweza kuchimba kisima, haukuweza kuchimba bandari. Kwa meli kubwa panahitajika kina, na kina huhitaji mabilioni, na hayo hayapatikani kwa sadaka ya tajiri mmoja kabla ya kufa. Wakfu wenyewe ulihitaji mlinzi: wasimamizi walipoanza kula mapato yake, hapakuwa na budi kuundwa kamisheni, na Zanzibar inayo ya serikali tangu sheria ya 1905. Basi dola haikwepeki kwa wepesi huo, wala mkataba, wala mwekezaji.

Tatizo linabaki palepale, ila sasa limejulikana mahali lilipo. Nalo ni hili: ule mlango wa kutokea. Uhuru wa mkataba unategemea kwamba asiyeridhika aweza kuondoka. Aondoke kwa njia ipi? Ikiwa kila njia ina mwenyewe, kuondoka kwake kunahitaji ruhusa ya wale anaotaka kuwaacha. Mtu aliyezungukwa na mashamba ya watu ambao hawamdhuru wala hawamgusi, ila hawamruhusu kupita, ni mfungwa, na hapana sheria hata moja ya mji huru iliyovunjwa. Kwa hiyo lazima pawe na kipande, hata kiwe chembamba kama kichochoro cha Mji Mkongwe, ambacho si cha mtu. Na kikishakuwapo kipande hicho, pamekuwapo jambo la pamoja, na nani alifagie, nani alitie taa, nani akate kesi wagombanapo wapita njia. Serikali imekwisharudi kwa mlango wa uani.

Wenyeji wa visiwani wanaifahamu kadhia hii kwa karibu, kwa kuwa Fumba na Micheweni nazo zilitengwa kuwa maeneo huru ya kiuchumi tangu mwaka 1992. Kisiwa cha Roatán huko Honduras kilikwenda mbali zaidi: chini ya sheria ya 2013 pakaanzishwa hapo eneo liitwalo Próspera, lenye kanuni zake na mahakama yake ya usuluhishi. Bunge la nchi hiyo lilipoifuta sheria hiyo mwaka 2022, kampuni ilifungua madai ya fidia ya karibu dola bilioni 11. Miaka 50 ya Sayyid Khalifa, miaka 99 ya Mbegani, na madai ya Roatán yanashabihiana katika jambo moja: kizazi kimoja kinawafungia mlango wajukuu kisha kinauita mlango huo uhuru.

Turudi Mbegani, kwa kuwa hapo ndipo suali lina watu. Kwa sheria za ardhi za Tanzania za mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Anayeondoshwa hulipwa fidia iliyo kamili, ya haki na ya haraka: thamani ya ardhi, nyumba yake, miti yake, posho ya usumbufu na ya usafiri. Neno "haraka" limo ndani ya sheria. Walioguswa na mradi walitathminiwa, baadhi wakalipwa, wengine wakangoja miaka, wasijue kama wapande mnazi mwengine au wasipande. Mnazi hauzai kwa kungojea barua, na mwenye nyumba iliyotiwa alama huona taabu hata kuziba paa linalovuja. Kama falsafa inatafuta mfano wa mtu asiyekuwa huru ingawa hakuna aliyemfunga kamba, ampate huyo.

Hata fidia hiyo, ikilipwa yote kwa siku yake, huhesabu vile vinavyomilikiwa. Mnazi una bei, mwembe una bei, kaburi huhamishwa kwa gharama. Lakini mlima mwani wa Mlingotini hamiliki bahari. Shamba lake ni vijiti vilivyochomekwa mchangani na kamba zilizofungwa baina yake. Mpaka wake ni kwamba jirani anajua. Hana hati, na hakuihitaji, kwa sababu hakuna aliyemgombea. Mvuvi naye hamiliki njia ya kutoka kijijini hadi pwani. Anaipita tu, kama alivyoipita baba yake. Katika daftari la mthamini vitu hivi huwa vyepesi mno, na ndivyo vilivyobeba maisha ya kijiji. Mpango wa mji mpya ukivikuta huviona kama nafasi tupu, kwa kuwa havina mwenyewe. Na hapo Hertzka na Peters hukutana tena juu ya meza moja.

Haifuati kutokana na haya kwamba bandari isijengwe. Kijana wa Pande aliyemaliza skuli ana haki ya kutaka kazi ya winchi na ya ukarani kama kijana wa popote, na hapana uungwana katika kumtaka abaki na ngalawa ili mgeni apate picha nzuri. Suali ni la utaratibu wa kuchora. Mchoraji akianza na uzio, kisha akaulizwa kuhusu njia, atatoa njia kama ruhusa: lango, mlinzi, kitambulisho, saa ya kufungua na ya kufunga. Akianza na njia, akaiweka kwenye karatasi kabla ya gati na kabla ya ghala, akaifanya kama wakfu, isiyouzwa wala isiyokodishwa pamoja na hekta nyengine, basi uzio wenyewe utalazimika kukatika unapoifikia. Kwa mhandisi tofauti hiyo ni ya mistari miwili.

Wakati wa bamvua maji hutoka mbali, na wanawake wa Mlingotini hushuka kufunga mbegu na kuvuna. Saa zao hupangwa na mwezi; lango la mlinzi halina kalenda hiyo. Hukaza kamba zilizolegea, huchomeka upya vijiti vilivyong'olewa na mawimbi, kila mmoja palepale alipokuwapo, na maji yakianza kurudi hupanda na mizigo yao kwa njia ileile waliyoshukia.